Ati ni Domo Tu

Mbunge wa upinzani husomewa hukumu ileile popote alipo, awe wa Kigoma au wa Mwansabombwe: amefanya nini zaidi ya kusema? Anayeuliza hivyo huwa hangoji jibu. Anakuwa ameshafika kwenye hitimisho, na swali amelivaa kama koti tu.

Nimeitaja Mwansabombwe kwa makusudi. Mji huo uko Luapula, kaskazini mwa Zambia, katika ukanda wa Ziwa Mweru. Hapo ndipo anapokaa Mwata Kazembe wa Walunda, na mwishoni mwa Julai watu humiminika kumwona akicheza Mutomboko. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako kuna mji uitwao Kilwa na Kiswahili kinazungumzwa sokoni bila mkalimani. Mwansabombwe ilimegwa kutoka Kawambwa na kuwa wilaya mwaka 2012. Katika uchaguzi wa Agosti 2021 jimbo lake lilimpeleka Lusaka Kabaso Kampampi kwa tiketi ya chama cha PF, uchaguzi uleule uliokitoa PF Ikulu. Wapiga kura walichagua mbunge wa chama tawala siku ya Alhamisi, na kura zilipokwisha kuhesabiwa wakajikuta wana mpinzani. Tangu hapo wanasikia maneno ambayo watu wa Kigoma wameyasikia kwa miaka ishirini, kwa hiyo nitayajibu yote pamoja, moja baada ya jingine.

"Jimbo likimpa kura mpinzani limejinyima maendeleo."

Tuanze na fedha. Zambia ina Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao wenyewe huuita CDF. Mwaka 2021 kila jimbo lilitengewa kwacha milioni 1.6. Bajeti ya 2022 ikapandisha kiasi hicho hadi milioni 25.7, na majimbo yote 156 yakapangiwa sawa, la Waziri na la mpinzani. Mfuko huo hauulizi rangi ya kadi ya mtu. Barabara kuu na hospitali kubwa ni habari nyingine, hizo hupangwa makao makuu, na sitamdanganya msomaji kwamba serikali zetu hazina upendeleo. Lakini upendeleo huo ni kosa la anayegawa. Kumlaumu mbunge kwa hilo ni sawa na kumchapa mtoto aliyenyimwa chakula na mama wa kambo.

Kwa Tanzania sheria iko wazi zaidi. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kupandisha kodi au kuongeza matumizi ya Hazina mpaka liwe limependekezwa na Rais kupitia kwa Waziri. Zuio hilo linambana mbunge wa viti vya nyuma wa chama tawala, CCM, sawasawa na wa upinzani. Anayesimama jukwaani kusema "nimewaletea barabara" ameleta mkasi wa kukatia utepe. Ibara ya 63 ndiyo inayotaja kazi yake, nayo ni kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na chombo cha kwanza kabisa inachompa ni haki ya kumwuliza Waziri swali lolote.

"Hotuba hazibadilishi kitu."

Hapa sina haraka, maana dai hili ndilo linalopendwa kuliko yote.

Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini wa Tanzania, Nazir Karamagi, alisaini jijini London mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulioko Kahama. Mbunge wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, Zitto Kabwe, ambaye alikuwa ameingia bungeni 2005 akiwa na miaka 29, akahoji. Kwa nini mkataba wa dhahabu ya Kahama usainiwe London? Na kwa nini usainiwe wakati Serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kuipitia upya mikataba ya madini? Agosti 14, 2007 alipeleka hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule. Bunge halikuunda kamati yoyote. Lilichofanya ni kumsimamisha yeye hadi Januari mwaka uliofuata, kwa maelezo kwamba amemsingizia Waziri uongo.

Ukihesabu siku hiyo peke yake, mpinga hotuba ameshinda. Hoja imeanguka, mwenye hoja ametolewa nje, na mgodi ukaendelea.

Ila siku haikuishia hapo. Mbunge aliyefukuzwa Dodoma alipokewa na umati Dar es Salaam, na mkataba ambao hakuna aliyewahi kuujadili kwenye daladala ukawa gumzo la daladala. Novemba mwaka uleule Rais Kikwete akaunda kamati ya kuchunguza sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akateuliwa kuwa mjumbe wake. Wapo waliomshutumu kwamba amenunuliwa kwa kiti, na shutuma hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu mpinzani aliyekaa kwenye kamati ya Rais hana tena uhuru wa kuipiga mawe ripoti yake. Lakini baada ya ripoti ile ikaja Sheria ya Madini ya 2010. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na, jambo kubwa zaidi, ukaanza kutozwa kwenye thamani ghafi ya madini badala ya kile kilichobaki baada ya kampuni kukata gharama zake. Mwaka 2017, chini ya Rais Magufuli, ukafika asilimia 6, na waliopiga makofi safari hiyo walikuwa wa chama kilekile kilichomfungia mlango mtu wa Kigoma miaka kumi kabla.

Sisemi Zitto ndiye aliyeandika sheria hiyo. Hata kuanguka kwa Karamagi nisimpe yeye sifa. Waziri huyo alijiuzulu Februari 2008 pamoja na Waziri Mkuu Edward Lowassa kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na kamati iliyowachunguza iliongozwa na mbunge wa CCM, Harrison Mwakyembe. Ninachosema ni kidogo zaidi, na kwangu kina uzito zaidi: baada ya Agosti 14 hakuna Waziri wa Tanzania aliyeweza tena kusaini mkataba wa madini akidhani hakuna anayesoma.

"Tazama idadi ya maswali yake, utajua uzembe wake." Au kinyume chake: "Ameuliza maswali mia, huyo ndiye mbunge."

Idadi ni kipimo cha mtu asiyetaka kusoma. Mbunge anaweza kuuliza mara hamsini "ni lini Serikali itajenga" hiki na kile, akajibiwa mara hamsini "Serikali itajenga pindi fedha zitakapopatikana," akaketi akiwa ametimiza hesabu yake. Katika mtindo wetu, swali la msingi huandikwa mapema na jibu lake huandaliwa na maofisa wa wizara. Ukweli hutoka kwenye swali la nyongeza, pale Waziri anapokosa karatasi ya kusoma. Na kazi ya kamati, ambako nyaraka hufunguliwa na watendaji hutoka jasho, haimo kabisa kwenye hesabu ya aliyesimama mara ngapi.

Chukua David Kafulila, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi. Kwa upande wangu orodha yake yote inaweza kufutwa ikabaki habari moja. Katika Bunge la bajeti la 2014 alishikilia suala la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Akasukumwa, akadhihakiwa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alimwita tumbili mbele ya Bunge zima. Uchunguzi ukafanywa, na Novemba 26 Kamati ya Hesabu za Serikali ikaleta ripoti yake ikizungumzia shilingi takriban bilioni 306. Desemba, Werema akajiuzulu na Waziri wa Ardhi, Anna Tibaijuka, akaondolewa. Januari 2015 akafuata Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo. Je, habari hiyo uiandike kwenye hesabu kama swali moja?

"Wanapinga kila kitu, hata kizuri."

Ripoti ya Escrow niliyoitaja ililetwa na kamati ambayo mwenyekiti wake alikuwa Zitto na makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM wa Ludewa. Mwaka 2012, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuanika madudu ya wizara kadhaa, Zitto alikusanya saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Filikunjombe alitia saini yake humo. Kura yenyewe haikupigwa, maana Katiba inataka taarifa ya siku 14 na kikao kilikuwa ukingoni. Mei 4 Rais akapangua Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakabaki nje, akiwemo wa Fedha, Mustafa Mkulo, na wa Nishati na Madini, William Ngeleja. Kama huko ni kupinga kila kitu, basi na baadhi ya wenye kadi za kijani za CCM walikuwa wapinzani. Upande wa pili, wanaosema "naunga mkono hoja mia kwa mia" kabla ya kuisoma hoja hawaitwi watu wa kuunga mkono kila kitu. Sijui kwa nini.

"PF ilitawala miaka kumi. Leo wana haki gani ya kuuliza?"

Hili ni la Zambia, na lina ukweli ndani yake. PF ilikuwa Ikulu kuanzia 2011 hadi 2021, na barabara ambayo mbunge wake anaulizia leo ilikuwa mbovu hata wakati ule. Mpiga kura ana kila sababu ya kumcheka. Lakini swali lenyewe ni la mvuvi na mkulima wa mihogo waliomtuma, na mbunge amelibeba tu. Nao hawakuwa na Ikulu miaka hiyo kumi. Tena UPND, wanaotawala sasa, walikaa upinzani wakiuliza maswali hayohayo, na hakuna aliyewaambia wanyamaze kwa kuwa hawajawahi kutawala. Ikiwa aliyetawala haruhusiwi kuuliza na ambaye hajatawala hajui lolote, atauliza nani?

"Waziri ameshajibu, yamekwisha."

Yangekwisha kama jibu lingekuwa upepo. Bunge la Zambia lina kamati ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo mawaziri wamezitoa ukumbini. Waziri akisema "tutafanya," neno hilo huandikwa, na huweza kuitwa siku moja mbele ya kamati kama mdaiwa. Ahadi ya jukwaani, ya wakati wa kampeni, haina kamati. Ndiyo sababu mbunge mjanja habishani na Waziri. Anapata kwake ahadi yenye tarehe, anashukuru, anakaa. Kila Ijumaa pia Makamu wa Rais hukaa kujibu maswali ya papo kwa papo, nusu saa ambayo mbunge wa jimbo la mbali anaweza kulitaja jina la kwao mbele ya nchi nzima.

Limebaki dai moja ambalo siwezi kulivunja: "Sisi hatujamsikia."

Huko Lusaka mijadala huendeshwa kwa Kiingereza. Mzee wa Mwansabombwe anayesema Kibemba anaweza kuwasha redio ya Bunge, akamtambua mbunge wake kwa sauti, asijue amemtetea au amemuuza. Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuithamini. Neno "tumbili" lilipotamkwa, muuza dagaa wa Kigoma alilielewa papo hapo na akajua la kufanya nalo. Hata hivyo bahati yenyewe ilipunguzwa Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye alipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge. Wapinzani walipoikataa kauli hiyo, polisi waliingia ukumbini kuwatoa.

Na hata anayesikika hana hakika ya kurudi. Kafulila, pamoja na Escrow yote, alitangazwa kushindwa mwaka 2015. Zitto alishinda Kigoma Mjini mwaka huohuo akiwa mbunge pekee wa ACT-Wazalendo, akatangazwa kushindwa 2020. Kafulila baadaye alihamia CCM, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Wengine walicheka, wengine wakakasirika. Lakini ukifungua Hansard ya bajeti ya 2014 utamkuta bado ni mbunge wa NCCR-Mageuzi, bado amesimama, na bado anauliza fedha zimekwenda wapi.