Pikipiki za magurudumu manne Mkoani: mlima upimwe kabla ya jina

Karafuu mbichi haisubiri. Ikishachumwa inatakiwa ichambuliwe makonyo na kuanikwa mapema. Ikilala kwenye polo hupata joto na kuchacha, na hata jua la siku ya pili likiwa kali namna gani, rangi iliyopotea hairudi. Kituoni mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), naye hununua kwa daraja. Tangu mwaka 2011, Serikali ilipopandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo, mkulima anajua vizuri kwamba polo moja lililochelewa bondeni si jambo dogo.

Wilayani Mkoani kuchelewa huko kuna sababu inayoonekana kwa macho. Kusini mwa Pemba ardhi ni vilima vilivyobanana na mabonde, mikarafuu ikiwa juu na mpunga ukiwa chini. Barabara za kwenda Kengeja, Wambaa au Kiwani humfikisha mtu karibu na shamba, lakini kipande kilichobaki ni njia ya miguu, yenye udongo unaoteleza, inayopanda na kushuka. Sehemu ya mavuno huangukia wakati wa mvua za vuli, yaani njia huharibika siku zile zile ambazo mzigo ni mwingi. Hapo hubebwa kichwani, au kwa gari la ng'ombe pale linapoweza kupita.

Ndiyo maana baadhi ya wenye mashamba na wafanyabiashara wa vyombo wanazitupia macho pikipiki za magurudumu manne, zile ambazo wauzaji huziita ATV. Unguja zimezoeleka zaidi kama chombo cha kuwatembeza watalii kwenye njia za vumbi za vijijini. Nchi nyingine, kama New Zealand, ni chombo cha shamba kama lilivyo jembe. Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni moja: ipi bora, Honda, Yamaha, Polaris au ya Kichina? Swali hilo lina jibu, ila jibu lenyewe halitoshi kumfanya mtu atoe fedha.

Zichukuliwe tatu zinazolingana kwa kazi. Honda FourTrax Rancher ina injini ya karibu cc 420. Kwa mujibu wa mtengenezaji, hubeba kilo 30 mbele na 60 nyuma, na huvuta tela la kilo 385. Yamaha Kodiak 450 hubeba kilo 40 mbele na 80 nyuma, na huvuta kilo 600. Polaris Sportsman 570, ya Marekani, hubeba kiasi kile kile cha Yamaha, na matoleo yake ya karibuni huvuta zaidi kidogo ya kilo 600. Kwa anayesoma karatasi tu, Honda imeshindwa.

Lakini karatasi huhesabu njia tambarare. Kwenye mteremko wenye tope, tela la kilo 600 litamsukuma dereva hadi bondeni kabla hajapata nafasi ya kujuta. Mtu mwenye busara atapakia theluthi moja ya kiasi kilichoandikwa, pengine chini ya hapo, na akifanya hivyo tofauti ya majina haya matatu inabaki ndogo sana.

Tofauti kubwa imo ndani ya injini. Yamaha na Polaris hupeleka nguvu kwa mkanda wa mpira unaojirekebisha wenyewe, na nyingi za Kichina, zikiwamo za CFMOTO, hufuata njia hiyo hiyo. Dereva hana kazi ya gia, anabonyeza mafuta na chombo kinakwenda. Ni raha kwa mtalii. Kwa mbeba mizigo, mkanda una adui wawili: maji, ambayo yakiingia ndani ya boksi lake huufanya uteleze, na mzigo mzito unaopandishwa polepole bila kutumia gia ya chini, ambao huuchoma. Mkanda ukikatika Jombwe saa kumi jioni, hakuna fundi atakayeuunga kwa waya. Rancher ya kawaida haina mkanda. Ina gia za chuma zinazobadilishwa kwa mguu na klachi inayojifanyia kazi yenyewe, jambo ambalo kijana yeyote aliyewahi kuendesha pikipiki ndogo atalizoea kwa siku moja. Yamaha nayo isinyimwe haki yake: injini yake husifika kwa kukizuia chombo kisikimbie wakati wa kuteremka, na nyuma kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, hivyo husumbua mgongo kidogo. Kwa anayeweza kununua mikanda miwili ya akiba na kumfundisha dereva matumizi ya gia ya chini, Kodiak si chaguo baya. Kwa asiye na uhakika wa dereva, Honda.

Zote tatu zinatumia mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta, si kabureta. Hili wauzaji hulisifia kwa sababu chombo huwaka upesi na hakili mafuta ovyo. Hawaongezi kwamba likitokea tatizo la sensa, bisibisi na spana havitoshi.

Hapo ndipo hesabu ya jina inapogeuka kuwa hesabu ya fundi. Zanzibar ina somo lake tayari, nalo ni Vespa. Pikipiki ile ya Kitaliano haikuenea visiwani kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kupita zote. Ilidumu kwa sababu fundi anaijua, spea zinapatikana, na ya zamani huchinjwa kuiponya nyingine. Boxer na TVS kutoka India, na SanLG na Toyo za Kichina, nazo zimeenea Tanzania kwa njia hiyo hiyo: klachi na bearing zake zinauzwa madukani, na anayejua kuzifunga hayuko mbali. Chombo cha magurudumu manne kikifika Mkoani peke yake, bila wenzake, kila kipuri chake kitasubiri boti kutoka Unguja, na pengine kabla ya hapo kisubiri ndege kutoka Dubai au Japani. Chombo kikilala wiki tatu katikati ya msimu, kimelala msimu mzima.

Fedha sasa. Matoleo mapya ya vyombo hivi huuzwa Marekani kuanzia karibu dola 6,000 na kupanda, kabla ya meli, ushuru wa forodha na kodi nyingine. Ichukuliwe kwa mfano kwamba, pamoja na tela, chombo kimefika Mkoani kwa shilingi milioni 24 na kitafanya kazi miaka sita. Hiyo ni milioni 4 kwa mwaka. Kikifanya kazi siku 80 za msimu tu, kila siku inadaiwa shilingi 50,000 kabla ya petroli, dereva na matengenezo. Kikibeba kilo 300 za karafuu mbichi kwa siku, kila kilo inabeba deni la shilingi 167 hivi. Kwa kuwa kilo tatu za mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, deni hilo ni shilingi 500 kwa kilo kavu. Mafuta na dereva wakiongezwa, iwe 1,000.

Wengi watashangaa, lakini karafuu inaweza kuimudu hesabu hiyo. Kwa bei ya 15,000, shilingi 1,000 ya usafiri si msiba ikiwa inaokoa daraja. Muhogo hauiwezi, wala ndizi, wala nazi. Mwenye shamba la muhogo anayenunua pikipiki ya milioni 24 ananunua mapambo.

Na hata kwa karafuu kuna mtego. Kilo 300 kwa siku kwa siku 80 ni tani 24 za mbichi, sawa na tani nane kavu. Mkarafuu mmoja hutoa kilo chache tu za karafuu kavu, tena mavuno mazuri hayaji kila mwaka: mti ukizaa sana msimu huu, msimu ujao hupumzika. Wakulima wa kufikisha tani nane peke yao ni wachache mno, na hata wao hawazifikishi mfululizo. Kwa mkulima wa kawaida mwenye miti mia moja au mia mbili, chombo hiki hakilipi, kiwe Honda, kiwe kingine. Kinaweza kulipa kwa kikundi cha wakulima wa bonde moja, au kwa mtu anayekodisha kwa pishi kwa mashamba mengi yaliyo karibu, na nje ya msimu akapata kazi ya mbolea, mchanga na mbao. Siku za kazi zikifika 200, deni la siku hushuka kutoka 50,000 hadi 20,000.

Mpinzani wake halisi si jina jingine la magurudumu manne. Ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu kutoka China. Hiyo hununuliwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, hubeba mamia ya kilo kwenye bodi lake, na mafundi wanaifahamu kwa sababu injini yake ni ile ya pikipiki ya kawaida. Kwenye barabara ya kifusi iliyoshindiliwa, haina mshindani. Tatizo lake ni gurudumu moja la mbele na nguvu inayokwenda nyuma tu: ikipanda na mzigo, mbele huwa nyepesi, na kwenye mteremko wa ubavu huyumba. Dunia ilishajifunza hilo kwa vyombo vya burudani vya magurudumu matatu, vilivyoanzia kwa Honda mwaka 1970. Baada ya ajali nyingi, mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuviuza. Ya mizigo ni pana na nzito zaidi, lakini sheria ya uzito haibadiliki kwa sababu mzigo ni karafuu.

Ya magurudumu manne nayo isidhaniwe ni salama kwa idadi ya magurudumu. Hubiruka, na ikibiruka humlalia dereva. Australia, baada ya vifo vingi mashambani, kuanzia Oktoba 2021 iliamuru zile za matumizi ya jumla zinazouzwa zikiwa mpya, pamoja na zilizotumika zinazoingizwa nchini humo, ziwe na chuma cha kumkinga dereva. Honda na Yamaha ziliamua kuacha kupeleka vyombo hivyo huko kuliko kuvifunga. Mnunuzi wa Pemba atakayeletewa kilichotumika kutoka nje aulize habari ya chuma hicho, na asikubali kuambiwa kwamba ni urembo. Pia nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja. Desturi ya kumpakia mchumaji nyuma, juu ya polo, ndiyo itakayoleta msiba wa kwanza.

Tena si chombo cha lami. Matairi yake yana upepo mdogo, na katika aina kama Rancher ya kawaida magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, hivyo hayakubali kona kali penye lami kavu. Watengenezaji wenyewe huonya. Anayepanga kukitoa shambani hadi Mtambile, kisha bandarini Mkoani, amekosea kazi yake. Kazi yake ni ule mwendo mfupi kati ya mkarafuu na ukingo wa barabara. Kuanzia hapo keri au gari la ng'ombe litafanya kwa gharama ndogo zaidi, na gari la ng'ombe halihitaji sensa.

Kabla ya kikundi chochote kuchanga, kipo kipimo kisicho na gharama: msimu mmoja wa kuandika daftarini ni kilo ngapi zilishushwa daraja kwa sababu zilichelewa kufika majamvini, si kwa sababu ya mvua juu ya jamvi au uvivu wa kuchambua. Ikiwa hasara hiyo kwa wanachama wote haifiki milioni kadhaa kwa mwaka, fedha ziende kwenye kutengeneza njia. Makoleo, kifusi na mitaro miwili ya kutoa maji hufungua njia kwa kila chombo, mpaka baiskeli. Ikiwa inafika, mazungumzo na benki yaanze, na kwa wasiotaka riba upo utaratibu wa benki kununua chombo na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa mwanzo. Mkataba useme malipo yafuate msimu wa karafuu, si kila mwezi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, trekta la kilimo huingia bila ushuru wa forodha. Pikipiki ya magurudumu manne kwa kawaida huhesabiwa pamoja na magari ya kubeba watu, ingawa iliyofungwa tela shambani inafanya kazi ya trekta dogo. Si busara kuifungulia mlango kila inayokwenda kuwabeba watalii ufukweni. Lakini kikundi cha wakulima kilichosajiliwa, chenye shamba na chombo chenye tela, kinastahili kusikilizwa.

Na mfanyabiashara anayetaka kuwa wa kwanza kuzileta Mkoani achague jina moja tu, aanze na vyombo viwili vya aina ile ile, na katika kontena la kwanza aweke mikanda, pedi za breki, bearing na matairi ya akiba kabla ya kufikiria chombo cha tatu. Fundi ampeleke mafunzoni mapema, huyo huyo anayetengeneza Boxer leo, chombo kikiwa bado baharini.