Vuta pumzi kwanza, ndipo useme

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Kanazi alinigongea mlango usiku. Alibeba mtoto mwenye homa ya siku tatu. Kabla sijamgusa mtoto, nilimgombeza: "Ulikuwa wapi siku zote hizo?" Mama alinyamaza. Baadaye jirani yake aliniambia kwamba alichelewa kwa sababu aliogopa kugombezwa.

Tangu hapo nina zoezi. Halina gharama. Kaa kwenye kigoda. Sikia nyayo zako zikigusa ardhi. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Mawazo yatakimbia: deni, mbuzi aliyekula maharage, maneno ya jirani. Usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi. Dakika tano zinatosha.

Mtu akikasirika, moyo hupiga mbio. Pumzi ndefu huutuliza. Ndipo anaweza kujiuliza: hii ni hasira au ni woga? Usiku ule mimi nilikuwa na woga, maana hali ya mtoto ilinitisha. Kama ningeutambua woga wangu, ningeuona na wa mama yule.

Kaskazini ya Uganda jambo hili limepimwa. Wanawake karibu 700, wakimbizi kutoka Sudan Kusini, walishiriki. Baadhi yao walikutana mara tano katika vikundi, wakasikiliza mafunzo ya namna hii yaliyorekodiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Baada ya miezi mitatu, waliosikiliza walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao. Hata hasira za ghafla zilipungua. Wazee wetu wa Ngara, walioona wakimbizi wa Rwanda wakiingia mwaka 1994, wanajua watu hao hubeba mzigo gani.

Wanaume wengine hunicheka. Wanasema dawa ya hasira ni pombe ya ndizi. Sikubali. Majeraha mengi ninayoshona usiku yametoka kilabuni.

Lakini mama anayepigwa nyumbani asiambiwe avute pumzi avumilie. Huyo asaidiwe kufika kwa mtendaji wa kijiji au polisi, na atibiwe. Na mtu anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Mleteni zahanati upesi.

Yule mtoto alipona. Mama alipomrudisha nimwangalie, nilimwomba radhi. Alicheka, akaniuliza kama zoezi hilo linafaa pia kwa mama mkwe wake.