Pikipiki ya Baba Watoto na Springi Zake



Dada mmoja wa upande wa Muhaka ameniletea swali ambalo sikulitarajia katika ukurasa huu, uliozoea mambo ya jikoni, ya malezi na ya mirathi. Mumewe ana pikipiki ya zamani, Boxer aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, nayo ndiyo chombo cha nyumba nzima. Ndiyo ipelekayo nazi sokoni Ukunda, ndiyo impelekayo mtoto chuoni, na ndiyo impelekayo yeye mwenyewe kliniki, naye ana mimba ya miezi saba. Kila wapitapo tuta au shimo, nyuma hugonga chuma kwa chuma, na pigo humpanda kutoka kiunoni hadi shingoni. Fundi amesema springi zimekufa, na dawa ni kutia springi ngumu za pikipiki kubwa. Fedha zinazotakiwa ni zile alizoziweka kwa ajili ya uzazi. Anauliza: nizitoe?

Dada yangu, usizitoe bado. Fundi huenda yuko sawa, lakini hajapima, na asiyepima anakisia kwa fedha zako.

Nyuma ya pikipiki kama hiyo kuna shokamzoba mbili, moja kila upande wa gurudumu. Kila moja ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Springi, yaani ule waya mnene uliosokotwa, hubeba uzito. Mafuta yaliyomo katika bomba la katikati hayabebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke baada ya kubonyea. Basi jambo la kwanza ni kujua ni kazi ipi iliyoharibika. Mwambie mumeo asimamishe pikipiki mahali pa sawa, akibonyeze kiti cha nyuma kwa uzito wake wote, kisha aachilie ghafla. Ikipanda mara moja na kutulia, mafuta yangali yanafanya kazi. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena kama dau lililofungwa ufukweni, mafuta yamevuja au yamechoka, na mara nyingi utauona unyevu mweusi ulioshika vumbi kwenye bomba, chini ya sili. Ukitia springi ngumu katika shokamzoba ya namna hiyo utakuwa umemwongezea nguvu mrukaji asiye na wa kumshika. Gurudumu litaruka zaidi kuliko sasa.

Na hapa niseme neno juu ya hilo la "springi zimekufa". Ugumu wa chuma cha springi haupungui kwa sababu ya umri, ila springi hufupika. Iliyobebeshwa magunia miaka kumi hupoteza urefu wake kidogo kidogo, nyuma ya pikipiki ikainama, na nafasi ya kubonyea ikawa haba. Kulijua hilo ni rahisi: itolewe, isimamishwe mezani kando ya springi mpya ya aina ile ile, na macho yenu yaone. Kama zimelingana, hiyo ya zamani haijafa, na anayetaka kukuuzia nyingine na aeleze sababu nyingine.

Sasa tupime. Utahitaji utepe ule ule wa kukatia nguo. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lining'inie bila kugusa ardhi. Pima kutoka kwenye nati ya katikati ya gurudumu hadi alama utakayoitia juu yake, chini ya kiti. Andika. Kisha pikipiki ishuke chini, mumeo aketi peke yake huku mtu akiishikilia isianguke, upime tena pale pale. Mara ya tatu mpande kama mnavyopanda siku zote, na jirani awapimie. Lipo na jambo moja la kumwomba fundi: azitoe springi, ainue gurudumu kwa mkono hadi likutane na ule mpira wa kuzuia mwisho, apime umbali huo. Hiyo ndiyo safari nzima ya gurudumu.

Tuseme safari nzima ni milimita 80. Likining'inia umepata 460, mumeo peke yake 440, na nyote pamoja 400. Kwa mumeo pekee pikipiki imeshuka 20, yaani robo ya safari yake. Hiyo ni hali njema. Kati ya robo na theluthi ndipo mafundi waangalifu hupataka. Lakini nyote mkipanda imeshuka 60, na kilichobaki ni milimita 20 tu za kupokea kila tuta la barabara. Vipimo kama hivyo vikitokea kwako, springi si mbovu. Imepewa mzigo unaoipita.

Kabla ya kununua chochote, tazameni chini ya springi. Pikipiki nyingi za namna hii zina kikombe chenye ngazi ndogo ndogo, kinachozungushwa kwa spana maalumu yenye ndoana. Kukipandisha ngazi moja au mbili huinua nyuma ya pikipiki na kurudisha milimita kadhaa za safari. Wengine husema kwamba hapo springi inakuwa ngumu. Haiwi ngumu, huanza kazi ikiwa imekwisha kubanwa kidogo, basi. Pande zote mbili ziwe katika ngazi moja, na mumeo akibaki peke yake azirudishe chini, la sivyo atarushwa yeye. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na sijui kwa nini vikombe vingi nilivyoviona vimeshikana kwa kutu mahali pale pale vilipotoka dukani.

Ikiwa baada ya hayo bado mnagonga, na mizigo ya nazi haiepukiki, hapo ndipo penye haja ya springi nyingine. Lakini "ngumu" ni neno lisilo na kipimo. Ugumu wa springi huongezeka kwa kasi kubwa sana waya unaponenepa: waya wa milimita 8 ukilinganishwa na wa milimita 7, mizunguko ikiwa na upana ule ule na idadi ile ile, ni mgumu zaidi kwa takriban asilimia 70. Milimita moja tu! Na mizunguko ikipungua, ugumu huongezeka vile vile. Kwa hiyo springi ya pikipiki kubwa inayofanana na yenu kwa mbali yaweza kuwa mara mbili ya mnachohitaji. Mumeo akiwa peke yake juu ya vijiwe vya murramu, gurudumu halitabonyea. Litadunda, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Tafuteni inayozidi kidogo, si inayozidi sana. Urefu wa shokamzoba kutoka jicho la juu hadi jicho la chini usibadilike, kwa maana ukibadilika hubadilika pia mlegeo wa mnyororo na jinsi pikipiki inavyoegemea stendi yake. Na zinunuliwe mbili kwa pamoja, kamwe si upande mmoja.

Boxer ina desturi yake pia: watengenezaji wake wa India, Bajaj, huweka springi ndani ya springi, ndogo ndani ya kubwa. Wakati zitakapofunguliwa, hesabu ziwe nne. Pikipiki iliyopita mikono mingi yaweza kuwa imepotezewa moja njiani, na ikawa hiyo ndiyo siri ya kugonga kote huku.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Pikipiki zinazobeba samaki kutoka Gazi na Shimoni huchuruzikiwa na maji ya chumvi moja kwa moja juu ya springi. Kutu ikichimba vishimo kwenye waya, ufa huanzia humo, na springi hukatika siku ya mzigo mzito. Iliyochimbika hivyo haipakwi rangi ikasameheka, hutupwa. Nyingine zioshwe kwa maji baridi ya kisima jioni ya safari.

Najua kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanaume wa gereji. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuyaona madogo. Katika mlango wa ijara walijadili mtu aliyekodi mnyama kwa mzigo wa ratili mia moja akambebesha mia na kumi, wakamtoza ujira wa ziada hiyo, na wakaeleza ni lini mnyama akifa dhamana humwangukia. Ratili kumi tu, nao wakazihesabu. Sisi humpakia mtoto kati ya baba na mama, na kapu juu, wala hatuhesabu.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu lililo gumu zaidi, dada yangu, nawe unisamehe. Katika vipimo vile, sehemu ya uzito ni mtoto aketiye katikati. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 hapa Kenya zinaruhusu abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu. Hakuna springi iwezayo kukupa ruhusa ya wa pili, na sitaki ununue moja ukidhani imekupa. Siku ya kliniki mtoto abaki kwa bibi yake au kwa jirani. Mumeo akufikishe Ukunda polepole, asimame kabisa kabla ya kila tuta, kisha uchukue matatu ya barabara kuu hadi Msambweni, uketi mbele. Na kwa kuwa umekuwa ukipigwa kiunoni kwa wiki nyingi, mweleze mkunga jambo hilo waziwazi. Ukiona damu, maji, au mtoto amepunguza kucheza tumboni, usingoje siku ya kliniki wala usipande pikipiki. Tafuteni gari mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu zile fedha, ziache zilipo hadi kipimo cha jirani kiandikwe. Ikionekana mafuta yamevuja, shokamzoba mbili mpya za aina ile ile ya Boxer zitatosha, na hizo zitoke katika mapato ya nazi, maana nazi ndizo zilizoziua. Baada ya kufungwa, nati zote nne zikazwe tena kufuatia safari ya kwanza. Ukishapata vipimo vyako vitatu na kile cha fundi, niletee kabla hamjaenda dukani.