Maji yenye dawa ni maji gani hasa?

Majuzi mwenzangu anayefundisha kemia aliniletea karatasi aliyokusudia kuibandika ukutani siku ya wageni chuoni, akaniomba niitafsiri kwa Kiswahili ili wazazi na wanafunzi wa sekondari wapate kuisoma. Ilihusu utafiti wa kutumia udongo wa mfinyanzi, baada ya kuubadilisha kidogo maumbile yake, ili kuondoa mabaki ya dawa za hospitali yaliyomo majini. Niliifanya kazi hiyo kwa majivuno ya mtu aliyesomea lugha. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: "Udongo Unaoondoa Dawa Katika Maji."

Mzee mmoja ambaye ni tarishi wa idara yetu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Mwalimu, mbona mnataka kuiondoa dawa? Maji yasiyotiwa dawa si ndiyo yanayotuletea kipindupindu?"

Nilicheka kwanza, kisha nikaona haya. Mzee alikuwa amesoma sawasawa. Aliyeandika vibaya ni mimi. Kwa Mkenya yeyote aliyepata kuhubiriwa habari za usafi, kuyatia maji dawa ni kuyafanya yanyweke. Neno hili tulilopewa na Waarabu tumelifanya litumike kila mahali: tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya na dawa ya kikohozi. Linaponya na linaua, na msikilizaji hutambua maana kutokana na mazungumzo yenyewe. Lakini katika habari hii ya maji, muktadha wenyewe ndio unaompotosha, kwa kuwa amekwisha kufundishwa kwamba dawa na maji ni marafiki.

Nalo jambo lenyewe si la mzaha. Mgonjwa anapomeza kidonge, mwili hautumii chote. Chukua lamivudini, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi: zaidi ya nusu yake hutoka katika mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Hutoka msalani, ikafuata bomba la majitaka, na kwa mkazi wa Nairobi aliye na bomba hilo, safari hiyo aghalabu huishia katika mabwawa ya kusafishia majitaka yaliyoko Ruai. Mabwawa ya namna hiyo yalibuniwa kupambana na kinyesi na viini vya maradhi, wala aliyeyachora hakuwa na habari ya vidonge. Watafiti waliopima maji ya Mto Nairobi wamekuta humo dawa za kutuliza maumivu, viuavijasumu na dawa hizo za virusi. Mto huo huingia Athi, Athi ikaitwa Galana, Galana ikaitwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini karibu na Malindi.

Wala si balaa ya Nairobi peke yake. Mnamo 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mito 258 katika nchi 104, na miongoni mwa sehemu zilizokutwa na viwango vya juu kabisa ni Afrika kusini mwa Sahara. Viwango vyenyewe ni vidogo. Hupimwa kwa sehemu ya milioni moja ya gramu katika lita, au hata chini ya hapo. Hakuna atakayekunywa bilauri moja akaanguka. Hofu ya wataalamu ni kwamba bakteria wanaoishi katika maji yenye viuavijasumu kidogo kidogo, mwaka nenda mwaka rudi, hujifunza kuvistahimili, na siku tutakapovihitaji kwa mtoto mwenye homa ya matumbo vitakuwa havifui dafu.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Aina inayosifiwa zaidi huitwa montimorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon huko Ufaransa. Mwanafunzi na aufikirie kama kitabu chenye kurasa nyembamba mno, kila ukurasa ukiwa na unene wa takriban nanomita moja tu. Zikifunguliwa zote, kurasa za gramu moja zaweza kutandazwa juu ya meta mraba 700 hivi. Gramu kumi, yaani vijiko viwili vya chai, zingefunika uwanja wa kandanda.

Kurasa hizo zina chaji hasi. Dawa kama tetrasaiklini hunaswa juu yake bila taabu kubwa. Lakini ibuprofeni na diklofenaki, tunazomeza kama peremende kila mgongo unapouma, nazo huwa na chaji hasi zikiwa katika maji ya mto, na hasi kwa hasi hufukuzana. Kwa hiyo wanakemia huondoa ayoni za sodiamu zilizo katikati ya kurasa, na mahali pake wakatia ayoni zenye chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta, za ukoo mmoja na zile zinazotiwa katika mafuta ya kulainisha nywele. Udongo uliokuwa ukipenda maji sasa huyachukia, ukazipenda dawa zilizokuwa zikiukimbia.

Hapa sharti nitie neno la kifundi changu. Wanafunzi huambiwa kwamba udongo "hufyonza" dawa. Sivyo. Sifongo hufyonza maji yakaingia ndani yake. Dawa hizi hunata juu ya uso wa zile kurasa kama ndege kwenye ulimbo. Kiswahili kina kufyonza na kina kunasa, na tofauti hiyo ambayo vitabu vya kigeni huieleza kwa maneno mawili yanayochanganya hata wenyewe, mtoto wa kijijini anaijua kabla ya kuanza shule.

Haifai kuuza udongo huu kama muujiza. Majaribio mengi yamefanywa maabara, kwa maji safi yaliyotiwa dawa moja tu, ilhali majitaka ya kweli yana uchafu chungu nzima unaogombea nafasi zile zile. Ile mikia ya mafuta yaweza kubanduka ikawadhuru samaki. Tena udongo ukishajaa dawa, utautupa wapi? Maswali haya yangefaa kuulizwa hapa kwetu, kwa udongo wetu. Huko Amboseli, mpakani na Tanzania, kuna sepiolaiti, udongo mwepesi wenye vijia vyembamba ndani yake, ambao uliwahi kuchongewa viko vya kuvutia tumbaku.

Lakini lawama yangu kubwa naielekeza kwetu sisi wa lugha. Tumekaa makongamano na makongamano tukiunda istilahi zinazolala katika orodha, na siku mwanakemia anapokuja mlangoni na jambo linalomhusu kila anayekwenda msalani, tunamwandikia kichwa cha habari kinachosema kinyume cha alichokusudia. Mwalimu wa sayansi asisubiri kamusi. Na aseme "mabaki ya dawa za hospitali" kila mara, hata kama ni maneno matano, na aseme "klorini" anapotaka klorini.

Nilirekebisha karatasi hivyo, nikamwonyesha mzee. Aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanieleza kwamba mkewe alifariki mwaka jana akaacha mfuko mzima wa vidonge, naye alikuwa akipanga kuvitupa chooni Jumamosi hiyo wajukuu wasije wakavichezea. Sasa avipeleke wapi? Nilimpigia mwanakemia simu, naye akasema ataulizia. Mfuko bado uko katika saraka ya meza yangu.