Chapati Tuliichukua, Mboga Zake Tukaziacha

Mtu wa Kisii au Nyamira akitamani chakula cha Asia, wazo la kwanza ni kupanda matatu hadi Kisumu, au kungoja siku atakapopata safari ya Nairobi. Hoteli yenye kibao cha Kihindi au cha Kichina ni adimu huku kwetu, na zile za Nairobi zenye vitambaa mezani hazikufunguliwa kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi wala mchuuzi wa ndizi. Hata hivyo, anayetoka stendi ya Kisii akaelekea Daraja Mbili, au anayeshuka Keroka, Nyansiongo au Kebirigo saa saba mchana, huzipita hoteli za chakula cha Asia cha bei nafuu moja baada ya nyingine bila kuzitambua. Zinauza chapati, samosa, pilau, bajia za viazi, ndengu, na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, sukari na tangawizi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Abagusii wa karne ya kumi na tisa walikipika. Chakula cha Asia kimekaa mezani kwetu miaka mingi sana hata tumesahau kuwa kilikuja kama mgeni. Kinachonisumbua ni kwamba tulipokea nusu tu ya sahani: wanga na mafuta, na ndengu kidogo. Nusu ya pili, ile ya mboga na mtindi, tuliiacha, na hiyo ndiyo nusu ambayo mashamba ya kaunti hizi mbili yangeweza kuitoa kwa gharama ndogo.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini ilikuwa hivyo. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, hasa Wagujarati. Kisii ilipofanywa boma la serikali mwaka 1907, duka la Mhindi halikukawia kufika. Mwafrika alikutana na Mhindi akiwa upande wa pili wa kaunta, au akiwa ameajiriwa dukani, na vyakula vilivyovuka kaunta hiyo ni vile vinavyoweza kushikwa mkononi na kuliwa kwa kusimama. Chapati huvuka. Samosa huvuka. Bakuli la dengu zilizotiwa jira iliyokaangwa, lenye mboga mbili pembeni, hubaki jikoni kwa mwenyewe. Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo fulani ya miji mikubwa, na Wahindi wengi wa miji midogo wakafunga maduka wakaenda Nairobi, Uingereza au Kanada. Somo likakatika katikati. Mapishi tuliyokuwa nayo mkononi siku hiyo, kwa kiasi kikubwa, ndiyo tuliyo nayo hadi leo.

Itazame sahani ya Kigujarati kama inavyoliwa nyumbani, si kwenye hoteli ya kitalii. Kuna chapati mbili tatu, nyembamba, ndogo kuliko zetu, zilizookwa kwenye kikaango kikavu na kupakwa samli kidogo tu. Kuna dengu au mbaazi zilizopondeka zikawa mchuzi. Kuna mboga moja au mbili, biringanya, bamia, kabichi au viazi, zilizopikwa kwa manjano, jira na dania. Kuna wali kidogo, achari kwenye ukingo wa sahani, na gilasi ya mtindi uliopigwa kwa maji na chumvi. Chapati humo ni kijiko cha kuchotea vingine. Sisi tumekifanya kijiko kuwa chakula: chapati nene iliyolowa mafuta, na ndengu au maharagwe ya kuichovya. Ukiongeza chai yenye sukari, mtu ameshiba, hilo sibishi. Lakini ameshibishwa zaidi na ngano, mafuta na sukari, na mboga aliyoipata ni majani machache ya dania yaliyoelea juu ya mchuzi. Ulaji wa vijana unaonyesha kwamba mwelekeo ni ule ule, kwani chakula cha Asia kilichofika karibuni zaidi katika vyumba vya wanafunzi kuzunguka Chuo Kikuu cha Kisii ni tambi za pakiti, ambazo Mwindonesia huzila na yai na mboga, nasi tunazila na unga wake wa chumvi.

Suala hili lina upande wa mfuko pia. Ngano hatuizalishi huku Gusii. Ipo ya Narok, ni kweli, lakini Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya ngano inayoitumia, na Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Vita kati ya nchi hizo mbili vilipoanza Februari 2022, unga na mafuta ya kupikia vilipanda bei kwa pamoja, na mwenye kibanda akabaki na njia mbili, ama aongeze bei ya chapati ama apunguze ukubwa wa tonge la unga. Mchele nao kwa sehemu kubwa hutoka Pakistani, na mwingine huingia kutoka Tanzania kupitia Isebania. Pakistani hiyo hiyo kwa miaka mingi imekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, kwa hiyo majani yanayochumwa Nyamira, yakasindikwa Sanganyi au Nyansiongo na kuuzwa kwenye mnada wa Mombasa, mengine huishia kwenye birika za Karachi, na mchele hurudi kwa njia ya meli. Sioni ubaya wa biashara hiyo. Ubaya ninaouona ni kwamba sehemu ya chakula cha Asia tuliyoichagua ndiyo inayotegemea bandari, ilhali ile tuliyoikataa imeota nyuma ya nyumba: ndizi mbichi, malenge, kabichi, maharagwe mabichi, nyanya, dania, na maziwa mala ambayo wafugaji wa Borabu hawakosi.

Ndizi ndiyo mfano unaouma zaidi. Lori za ndizi huondoka Kisii karibu kila siku kwenda kulisha Nairobi, na mmea wenyewe asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, ingawa umekaa Afrika zaidi ya miaka elfu moja. Wahindi wa Afrika Mashariki, hasa wale wa Uganda, waliichukua ndizi yetu mbichi wakaipika kwa nazi au mtindi, manjano, kitunguu saumu na pilipili. Walifanya hivyo hivyo na muhogo, wakaukaanga na kuunyunyizia chumvi, pilipili na ndimu. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, walibeba mapishi hayo hadi Leicester na Wembley, na leo muhogo wa namna hiyo umo kwenye orodha ya vyakula katika hoteli za Kihindi za London. Mtu anayeishi zaidi ya kilomita elfu sita kutoka kwenye mashamba yetu ya ndizi anajua njia nyingi za kuipika kuliko mpishi wa Suneka, ambaye huichemsha na nyama au huikaanga kwa nyanya, basi. Wao walijifunza kutoka kwetu, wakaongeza maarifa yao. Ni haki tudai maarifa hayo yarudi.

Najua jibu la mwenye hoteli: wateja hawatakula. Anasema wanataka kitu kinachojaza tumbo kwa shilingi chache, na sahani yenye majani ya kunukia ataitupa jioni. Pingamizi hili ni zito, kwa sababu hasara ya sufuria moja kwa mtu mwenye kibanda ni faida ya siku nzima. Lakini chapati nayo haikuanza kwa mkupuo. Wazee wa leo wanakumbuka wakati ilipokuwa chakula cha Krismasi na cha mgeni wa heshima, na watoto waliihesabu kwa vipande. Imekuwa chakula cha kila siku ndani ya maisha ya mtu mmoja. Tena hakuna anayemwambia mwenye hoteli aache kuuza chapati na ndengu. Aweke sufuria moja ndogo pembeni, kabichi na viazi kwa manjano na jira, au ndizi mbichi kwa mtindi, na aiuze kama nyongeza juu ya chapati ile ile. Kabichi sokoni ni ya bei ya chini kuliko karibu kila kitu anachokinunua, na sufuria hiyo haihitaji hata nusu saa ya makaa. Mbaazi na dengu nzima, ni kweli, hula makaa, lakini zikilowekwa usiku huiva mapema, na zile zilizokobolewa na kupasuliwa huiva haraka zaidi. Viungo navyo hutoka nje, siwezi kukana, ila kijiko kimoja cha manjano kinatosha sufuria ya watu ishirini.

Wengine wataleta suala la vidonda vya tumbo, na kusema viungo ni pilipili. Si kweli. Manjano, jira, dania na hiliki haviwashi, na chakula cha Wagujarati wengi huelekea kwenye utamu kuliko ukali. Pilipili huwekwa pembeni, anayeitaka ajipakulie.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wale wanaosema kwamba tayari tumepoteza vingi, na kwamba kazi ya hoteli za Gusii ni kurudisha obokima, yaani ugali, wa wimbi na mboga za chinsaga, si kuongeza vya Wahindi. Nakubaliana nao juu ya hasara yenyewe. Lakini hebu watazame kilichotokea upande wa pili wa bahari. Wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na lilifika India maelfu ya miaka iliyopita. Katika jimbo la Karnataka, wakulima hadi leo husonga unga wa wimbi ukawa donge la kahawia, hulimega kwa mkono, na kulila na mchuzi mwepesi wa majani na dengu uliotiwa viungo. Mzee wa Manga akiwekewa sahani hiyo hatahitaji kuelezwa jinsi ya kuila. Isitoshe, huko India wimbi halikuachwa liwe uji wa wagonjwa na watoto. Hupikwa chapati, hupikwa vibibi, huuzwa hotelini mijini kwa watu wenye kazi za ofisini. Kinachoangusha obokima katika hoteli zetu ni sima nyeupe ya mahindi, zao lililotoka Amerika, pamoja na ngano. Ndizi ya bizari haina hatia. Mchuzi wa Karnataka juu ya chinsaga ungelipa wimbi letu mwenza, na chapati iliyochanganywa unga wa wimbi ingepunguza ngano tunayoinunua kwa bei ya vita vya watu wengine.

Mafunzo si jambo la kusubiri mfadhili. Kisii National Polytechnic iko mjini, na kaunti zote mbili zina vyuo vya ufundi. Wapo pia Wahindi wachache waliobaki na biashara Kisii, na wengi zaidi Kisumu, ambao jikoni mwao chakula hiki kinapikwa leo mchana. Mpishi aliyefanya kazi nyumbani kwao anajua mengi kuliko kitabu, na huyo mara nyingi ni Mgusii au Mluo mwenzetu ambaye ujuzi wake haujawahi kuulizwa na mtu. Serikali ilipowatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, Julai 2017, Wizara ya Usalama wa Ndani ilikuwa inakaimiwa na Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira. Tukishawaita ndugu, kuwaomba mapishi si aibu.

Kaunti hizi mbili zinazogombania ushuru wa soko la Keroka zingefanya vizuri zaidi kuwapa wenye vibanda vya hapo maji safi na mahali pa kumwaga taka, kwa maana mboga haziuziki palipo na nzi. Mteja naye ana sehemu yake. Ukiketi kwenye hoteli ya mtaani kwako wiki hii, ukishaagiza chapati yako, muulize mama wa hoteli ni mboga gani anayoweza kukupikia nayo kesho, kisha kesho yake urudi ulipe.