Garanti ya nyumba: miezi 3, si 6

Ndugu wenye nyumba za Himbi na Katindo, tunajua mulijenga kwa jasho, na mulizoea ONG za kulipa kwa dola. Lakini Januari 2025 banki za Goma zilifungwa. Mwalimu, ao familia iliyokimbia Bunagana tangu Juni 2022, atatoa wapi dola za garanti ya miezi 6? Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi 3. Nyumba inabaki tupu, sentineli peke yake ndani, na bei hamushushi. Biashara gani hiyo?

Nawe mupangaji, usilipe bila risiti. Wakikuomba zaidi, onyesha sheria hiyo, kisha utuite.