Biti 32 Hazigeuki kwa Maneno

RISC OS, mfumo endeshi wa kompyuta, ni nyepesi, hivyo inadaiwa ikompailiwe upya tu kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5, kisha igawiwe shule za vijijini kama za Chita, bonde la Kilombero. Wepesi ni kweli. Tatizo ni hiyo “tu”. Sehemu kubwa ya mfumo huo, wenye chimbuko Cambridge mwaka 1987, ni lugha ya asembli ya prosesa za ARM ya biti 32. Hakuna kompaila itakayoigeuza iwe ya biti 64. Cortex-A76, prosesa ya Pi 5, huruhusu biti 32 kwa programu za kawaida pekee, si kwa kiini cha mfumo. Huko si kuhamisha, ni kuandika upya. Pi ya 2012 iliipokea RISC OS? Naam, ilikuwa ya biti 32. Na shule za Chita zitumie nini? Kolibri, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti, tayari huendeshwa na Linux kwenye Pi.